Jinsi ya kuandika maisha ya mama aliyefanya kazi ya watoto, bila kutoboa siri za watu

Kazi yangu ni kutaip na kuprinti hapa Mwembe Tayari, Mombasa, barua za kazi, fomu za shule, na zaidi ya yote vile vijitabu vya mazishi vyenye picha mbele na nyimbo nyuma, kwa iyo wasifu wa marehemu nimeusoma mwingi mno, na ntakwambia ukweli, wasifu mbovu kuliko wote ni wa kina mama waliofanya kazi ya ustawi wa watoto na familia. Walifanya mambo mengi mpaka watu wao hawajui waanzie wapi, basi wanaandika "alikuwa mama mwenye upendo aliyependa watoto wote kama wake" wanaishia hapo, aya inayofuata ni ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Miaka thelathini ya kazi imekwisha hivo.

Alafu kuna wa upande wa pili, wanaoandika kila kitu. Jina la mtoto aliyeokotwa, mtaa, babake alimfanya nini, na saa hizi ameolewa wapi. Hiyo ni mbaya zaidi na ndo imenifanya niandike hii. Mama wa kazi hii maisha yake yamejaa mambo ya nyumba za watu, ukitaka kumkumbuka vizuri ni lazima ujue yapi ni yake na yapi alikua amewekewa tu. Hapo ndo pagumu. Mengine ni kazi ya daftari na miguu.

Jua kwanza alikua nani kazini

Familia nyingi hawajui. Ukiwauliza wanakwambia "alikua anafanya kazi na watoto" au "alikua serikalini", na mtu ameishi naye nyumba moja miaka yote hiyo. Si ajabu, kazi yenyewe haizungumzwi mezani.

Kama alikua afisa wa watoto wa serikali una bahati, kuna barua ya kuajiriwa, kuna karatasi za pensheni, na kuna barua za uhamisho. Hizo za uhamisho usizitupe hata zikiwa zimeliwa na mende, maanake zinakupa mwaka na kituo, unakuta mama mlidhani ni wa Mombasa maisha yake yote kumbe alianzia Hola akapelekwa Voi ndo akaletwa huku. Kama alikua wa kujitolea, wale wanaosaidia ofisi ya watoto mtaani bila mshahara, tafuta barua ya kuteuliwa na ile kadi ya plastiki ya shingoni. Kama alifanya kazi shirikani, uliza ni lipi na usiandike "NGO" tu. Chama cha ustawi wa watoto, Child Welfare Society, kipo Kenya tangu 1955, Maendeleo ya Wanawake tangu 1952, Solwodi ilianzia hapahapa Mombasa 1985 kwa ajili ya wanawake na wasichana waliokua wameingia biashara ya kuuza mwili. Ni kazi tofauti kabisa hizi, na mtu aliyekaa miaka kumi kwa moja wapo hastahili kuandikiwa "alihudumu katika mashirika mbalimbali".

Na kuna aina ya mwisho ambayo hapa kwetu ndo nyingi kuliko zote: mama ambaye hakuna ofisi iliyomwandika popote. Chifu akipata mtoto usiku anampelekea yeye. Mke akifukuzwa na watoto watatu saa tano usiku anabisha kwake. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, kila mtaa unaye, na akifa anaandikwa "mama wa nyumbani". Huyu karatasi zake ziko kwa watu wengine: daftari la chama, barua za chifu, mwalimu mkuu aliyepokea watoto wasio na cheti cha kuzaliwa kwa neno lake tu. Inabidi utembee.

Ushauri wangu wa mwanzo kabisa kwa wote: chukua mkoba wake wa kazi kabla watu hawajaanza kugawana nguo na leso. Mmoja niliouona mimi, bintiye aliuleta dukani kuskani picha, ulikua na daftari la kurasa 200 limefungwa kwa mpira, peni mbili, nauli ya sarafu kwenye kichupa cha dawa, biskuti za glukosi, chupi mbili za mtoto za saizi ya miaka minne zikiwa bado kwenye nailoni, na sabuni ya kipande. Bintiye hakujua za nini. Mimi nami sikujua mpaka mama mmoja aliyekua amesimama kwenye foleni ya fotokopi akasema, "Hizo ni za kumvalisha mtoto ukimtoa mahali, mwanangu. Huwezi kumpandisha matatu vile ulivyomkuta." Ukiandika mkoba ule vile ulivyo, hakuna haja ya kusema alikua na upendo.

Daftari lakini usilipige picha. Ntalirudia hilo mbele.

Miaka

Usimuulize mtu mzima "ilikuwa mwaka gani", atakwambia wowote ili umwache. Shikilia matukio. Kabla au baada ya daraja jipya la Nyali (1980)? Mzee Kenyatta alipofariki, na alifia hapahapa Mombasa Agosti 1978, wewe ulikua ushaanza kazi naye? Wakati wa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Moi shuleni? Ilikua mtihani wa zamani au mfumo wa elimu wa 8-4-4 ishaingia (1985)? Ferry ya Mtongwe ilipozama, April 1994, watu zaidi ya 250 wakafa, alikua kituo gani? Hilo la Mtongwe hakuna mtu wa Mombasa wa umri ule atakosa jibu, na kwa mama wa kazi hii lina uzito wake maana kila mzazi aliyekufa pale aliacha watoto na kuna mtu alikua akizunguka kuuliza nani anawachukua. Hivohivo vurugu za Likoni za Agosti 1997, watu walikimbia na watoto wakapotezana na wazazi, halafu mvua za El Niño zikafuata mwaka huohuo. Halafu Januari 2003 shule za msingi zikawa bure, uliza siku zile alikua wapi, wengi watacheka kwanza, maanake madarasa yalifurika na watoto waliokua wakifichwa majumbani kuosha vyombo vya watu wakaonekana.

Ukipata matukio matano ya namna hii una mstari wa maisha yake, miaka utaijaza mwenyewe.

Nani wa kuuliza, na umuulize nini

Familia ni ya mwisho kwenye orodha, wanisamehe. Familia inamjua mama aliyerudi nyumbani amechoka. Aliyemjua mama wa kazini ni karani wa koti ya watoto ya Tononoka aliyempigia simu kesi ikisogezwa, askari wa dawati la jinsia, nesi wa hospitali ya Makadara wa zamu ya usiku, mpishi wa makao ya watoto, mlinzi wa geti kule remandi ya watoto Likoni, mwenye tuktuk aliyekua akimbeba kwa deni. Hawa wa pembeni ndo wameona. Wakubwa wa ofisi watakupa hotuba.

Na swali lina kazi yake. Niliwahi kumsindikiza mteja wangu, mamake alikua amefariki wiki chache nyuma, tukaenda kwa rafiki ya marehemu huko Mikindani. Bibi yuachambua mchele kwenye ungo. Tukamwamkia, shikamoo bibi, marahaba wanangu, karibuni, tukakaa, binti akauliza, "Bibi, mamangu alikua mtu wa aina gani?"

"Alikua mtu mzuri. Mungu amrehemu."

Kimya. Mchele unapepetwa. Ndo nikadakia, "Bibi, akitoka koti akipita hapa, alikua anakaa wapi?"

"Hapo mlangoni." Akaonyesha kwa kidevu. "Haingii. Anavua viatu, ananyoosha miguu, anasema nipe maji usinipe stori. Nampa maji. Akishakunywa ndo tunasalimiana." Akaendelea kuchambua kidogo. "Siku akiingia ndani moja kwa moja mpaka chumbani, najua. Nafunga mlango. Ile siku wamemrudisha mtoto kwa yule baba alilala hapo kitandani kwangu na viatu vyake mpaka magharibi."

Binti alikua hajawahi kusikia. Na angalia bibi alivyofanya, hakutaja mtoto yupi, baba yupi, nyumba ipi, na hatukuhitaji. Maswali ni ya namna hiyo: alikaa wapi, alibeba nini, alitoka saa ngapi, nani alimkasirisha, kitu gani alikataa kusaini, akipigiwa simu usiku alikua anasema neno gani kwanza, chakula gani alikua hali baada ya siku mbaya. Mtu akishakumbuka mguu na kiti, maneno yanakuja yenyewe. Rekodi kwa simu lakini omba ruhusa kwanza, na kuna wazee ukiwasha simu wananyamaza, zima tu uandike kwa mkono.

Sheria za wakati wake

Hapa nitakaza kidogo kwa sababu wengi wanaruka, na bila hii vijana wanaosoma wasifu hawaelewi mama alikua akipigana na nini.

Kama alianza miaka ya 70 au 80 alifanya kazi chini ya sheria za zamani zilizorithiwa kwa mkoloni, mtoto anayelala nje na mtoto aliyeiba walikua wanaangaliwa karibu kwa jicho moja. Sheria ya Watoto ya 2001, ikaanza kutumika Machi 2002, ndo ilikusanya mambo ya malezi, kuasili na ulinzi mahali pamoja. Lakini hata hiyo ilikua na shimo lake: mtoto wa nje ya ndoa mzigo ulikua kwa mamake kwanza, baba hakubanwa moja kwa moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndo ikasema baba na mama wana jukumu sawa wawe wameoana wasiwe wameoana. Sasa fikiria mama aliyekua akimtafuta baba wa mtoto mwaka 1995, hana sheria ya kumshikia, ana mdomo wake na labda imamu au mchungaji wa kumsaidia kumuaibisha mtu. Ukiandika "alisaidia akina mama kupata matunzo" bila kusema ilikua mwaka gani umempunja.

2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Ngono, na mwaka huohuo UNICEF na serikali wakatoa ripoti kuhusu Pwani yetu, ilikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa huku Pwani wanatumiwa kwenye ngono ya pesa, watalii wakiwemo na wenyeji wakiwemo. Kuna watu walikasirika wakasema tunaharibiwa jina la utalii. Kama mama wako alikua kazini miaka hiyo muulizie hasa, kwa sababu kuna waliokua washaanza kusema zamani na hoteli zikawafungia geti, na kuna walionyamaza pia.

Sheria ya sasa ni ya 2022. Umri wa mtoto kushtakiwa kama mhalifu umepanda kutoka miaka 8 hadi 12, na kafala, yaani malezi ya mtoto kwa njia ya Kiislamu, imetajwa kwa jina, jambo ambalo kwa Waislamu wa Pwani si dogo, kwa sababu kuasili kwa kubadilisha nasaba ya mtoto hatufanyi lakini kulea yatima tumelea siku zote bila karatasi. Mama wengi wa Mji wa Kale na Majengo walikua wanafanya kafala tangu utotoni kwao, sheria ndo imewafikia juzi.

Na kama alianzisha au aliendesha makao ya watoto, hapa kuna ugumu. Tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mpango wa sasa, wa 2022 mpaka 2032, ni kuwatoa watoto kwenye makao kuwarudisha kwa familia, za ndugu au za kulea. Familia zingine zinaona kama mama yao anaambiwa alikosea. Mi naona uandike tu wazi: alifungua mlango wakati hakukua na mwingine, na kama mwishoni alianza mwenyewe kurudisha watoto kwa mashangazi na mabibi zao, hiyo nayo iandike, maana kufuatilia ukoo wa mtoto mpaka Kaloleni ya ndani kwa boda na kwa miguu ni kazi kubwa kuliko kununua vitanda vya deka.

Siri

Sasa tufike. Sheria inalinda faragha ya mtoto kwenye kesi, jina lake na picha yake havitangazwi, hilo wengi wanalijua kwa sababu ya magazeti kuficha nyuso. Wanachosahau ni kwamba mtoto akishakua mtu mzima habari yake haijawa ya kila mtu. Ni yake. Ana mume, ana wakwe, ana watoto ambao hawajui mama yao aliokotwa stendi ya basi, na wewe unataka kuisoma kwa kipaza sauti mbele ya watu mia nne.

Kwa iyo:

Usimtaje aliyesaidiwa mpaka yeye mwenyewe amekubali, na kukubali kwenyewe kuwe kwa faragha. Usimtumie meseji kwenye grupu la mazishi "Asha njoo utoe ushuhuda vile mama alikuokoa", hapo ushamtoboa tayari. Mpigie au mwendee, muulize wataka tuseme nini na wataka tusiseme nini, umwandikie sentensi yake aisome kabla haijaprintiwa. Na akikubali leo akakataa keshokutwa, toa. Hata kama kurasa zishapangwa. Mimi hurudia kupanga bila kuongeza bei kwa hilo moja, mengine yote mtalipa.

Kubadilisha jina peke yake hakufichi kitu. Mombasa ni ndogo, ukiandika "msichana mmoja wa Mtopanga aliyemwagiwa maji moto na mama wa kambo mwaka 2009" kila mtu wa Mtopanga ashajua. Ondoa mtaa, ondoa mwaka, ondoa jeraha, na kama ikibaki haina maana basi hiyo stori haikua ya kutumika. Tumia ya kazini badala yake: alivyosimama, alivyobishana, alivyosubiri. Bibi wa Mikindani alishatuonyesha.

Picha ndo balaa kubwa. Kila mama wa kazi hii ana picha amezungukwa na watoto, wamevaa sare za sherehe, wanacheka, na familia wanaipenda ikae katikati ya kitabu. Wale watoto wanatambulika, na kuwa ndani ya picha ile ni kutangazwa kwamba walikua makaoni. Tumia picha ambayo watoto wamegeuka, au kata ubaki uso wake, au piga picha ya mkoba. Usiwazibe macho kwa mstari mweusi, wanafanana na majambazi na bado wanajulikana. Na mwambieni kijana wa grupu asiweke kwenye status, huyo huwa anasahauliwa.

Mazishini usiruhusu MC aseme "wote waliolelewa na mama wasimame". Nimeona imefanyika, watu wamesimama kwa kusukumwa na jirani zao kwenye viti, na mmoja aliinuka akatoka nje ya hema moja kwa moja mpaka barabarani. Wanaotaka kusema wataomba wenyewe.

Halafu mafaili. Watu wa kazi hii hubeba kazi nyumbani, na ukipekua kabati utakuta nakala za ripoti, fomu zenye vidole gumba, barua za koti, lile daftari. Si urithi. Ukikuta faili la ofisi lifunge kwenye bahasha ulirudishe ofisi ya watoto uandikishe umelirudisha nani kalipokea. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na habari za mtoto ni kati ya zinazoangaliwa kwa ukali. Daftari lake binafsi unaweza kulisoma kujua namna alivyofanya kazi, kama unaona ni sawa, mi sitakwambia usome au usisome, lakini usinukuu kitu chenye mtu ndani. Kuna mistari salama kabisa. "Nunua chumvi. Mpigie karani. Usisahau Jumatano." Hiyo weka.

Na ukiwa unasoma ukakuta mtoto ambaye yuko hatarini mpaka saa hizi, kesi haijaisha, mama amekufa katikati, basi hapo acha kuandika. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda ofisi ya watoto asubuhi. Wasifu utangoja.

Watoto wake wa kuzaa

Hawa wana maneno na mara nyingi hawayasemi. Mama alikua kwa watoto wa watu wao wakila ugali baridi. Walilala watatu kitandani kwa sababu kuna mgeni tena. Nguo yao ya Idi au ya Krismasi ilipewa mwingine. Wape nafasi waseme, kwa mdomo wao, hata sentensi mbili, usizipambe kwa "lakini tulielewa baadaye" kama hawajaelewa. Wasifu wenye mtoto mmoja aliyesema "nilikua namuonea wivu kila mgeni anayeingia" unaaminika kuliko wenye sifa kurasa sita.

Kuandika kwenyewe

Inategemea unaandikia wapi. Kwa Wakristo kuna kitabu na kuna kusomwa kanisani, mna siku kadhaa za matanga za kukusanya, lakini ibada ina ratiba, hesabu maneno 600 au 700 kwa dakika tano za mtu asiyekimbia na asiyelia, na atalia, kwa iyo andika 500. Kwa Waislamu mtu anazikwa siku ileile, hakuna wasifu wa kusoma, kuna tanzia fupi ya kutuma, jina lake, mtoto wa nani, anaswaliwa msikiti gani baada ya swala ipi, inatosha, usianze kupachika kazi zake humo. Yaliyobaki yanakuja baadaye, hitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu, ikishapita na watu wametulia, na kwa maoni yangu hii ndo bora kwa kazi ya aina hii kwa sababu hauandiki kwa haraka na machozi. Hata familia za Kikristo zaweza kufanya hivo, kitabu cha mazishi kiwe kifupi, kile kirefu kije wakati wa kumbukumbu ya mwaka.

Anza na siku moja ya kazi. Usianze na "alizaliwa mwaka". Mwamshe saa kumi na moja, mpandishe matatu, mfikishe Tononoka, mkalishe kwenye benchi na mtoto asiye na jina mpaka saa saba mchana kesi iahirishwe, mrudishe. Baada ya hapo ndo rudi nyuma kwa kuzaliwa, msomaji atakua ashataka kujua huyu ni nani. Maneno ya ofisini kama "alijihusisha na masuala ya ustawi" yafute yote, weka kitendo: alipeleka, alikataa, alisaini, alilala chini mtoto alale kitandani.

Andika na iliyoshindikana. Kila aliyefanya kazi hii ana mtoto aliyempoteza, na wenzake wanajua, na wasifu usiokua na hata kivuli cha hilo utawachekesha kimoyomoyo. Si lazima useme kesi. Bibi alisema "alilala na viatu vyake mpaka magharibi", inatosha kabisa.

Ukimaliza mpe asome mtu mmoja wa kazini na mtu mmoja wa mtaani. Wa kazini atakwambia cheo umekosea. Wa mtaani mwulize swali moja tu: ukisoma hii, kuna mtu umemjua? Akisema ndio, rudi ukarekebishe.

Watu huuliza pia wafanye nini zaidi ya karatasi, harambee, ngao ya mbao, jina kwenye darasa. Kama kuna pesa, karo ya mtoto mmoja ilipwe moja kwa moja shuleni kimyakimya kwa jina la marehemu, kwa Mwislamu ni sadaka jaria, kwa Mkristo ni sadaka vilevile, na mtoto asiitwe kupiga picha na hundi kubwa ya kadibodi. Mama mwenyewe angewafukuza.

Nakala za kitabu weka tatu za karatasi nzuri: nyumbani, ofisi au kikundi alichofanya kazi, na moja kwa yule bibi mwenye ungo wa mchele maana hasomi simu. Rekodi za mahojiano zenye sauti ya kicheko na maji na mlango, tunza kwenye flashi mbili. Zilizotaja watoto kwa majina, sikiliza ukaandike unachohitaji, halafu zifute, kwenye simu yako, kwa aliyekutumia, kwenye grupu, na kwenye kile kijalala cha simu pia maana zinakaa humo siku nyingi kabla hazijafutika zenyewe.